Ulimi wa Mnyweshaji

Katika milima ya Usambara, ambamo Bulwa imezungukwa na mashamba ya chai, boha hupatikana kwa kukamua miwa na kuyaacha maji yake hata yakachacha. Wakikuyu wa Kenya hutia tunda kavu la mwegea katika maji ya muwa au asali wakapata muratina. Ubelgiji nako, pombe iitwayo lambiki hulazwa katika mapipa ya mwaloni mwaka 1 hata 3, na nyingine hutiwa matunda ya cheri. Ukali ndio sifa yake.

Kiswahili hutumia neno moja, kuchacha, kwa kinywaji kilichoiva na kwa chakula kilichoharibika. Neno halihukumu, ulimi ndio uhukumuo. Kwa desturi ya watu wengi wa Afrika Mashariki, mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue kuwa hamna sumu.

Lakini je, kukosekana kwa sumu kwatosha? Mnyweshaji aonjaye akatambua kuwa pombe imeharibika, kisha akasema, "Ndio ukali wake," ametenda nini? Mpika pombe maskini aweza kujitetea kwa jasho lake na miwa yake. Utetezi huo una uzito, wala haukidhi. Mgeni asiye mzoefu hana kipimo ila uso wa aliyetangulia kuonja. Akidanganywa, atalaumu ulimi wake mwenyewe. Hivyo kuonja ni kutoa ushahidi. Pombe iliyomwagwa hupikwa tena. Mtu aliyefundishwa kutoyaamini maonjo yake hupona kwa taabu.