Msiba Usio na Matanga: Huzuni ya Mtoto kwa Aliye Mbali

Shukrani zote zinamthubutikia Mwenyezi Mungu, aliyeumba moyo wa binaadamu na akajaalia ndani yake furaha na huzuni, khofu na matumaini. Rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika vitabu vya fiqhi umo mlango wa mafquud, naye ni mtu aliyepotea ikawa haijulikani yu hai au amekufa. Wanavyuoni wameueleza kwa urefu: mkewe atangoja muda gani, mali yake itawekwa na nani, mirathi yake itagawiwa lini. Imepokewa kwa Umar bin Al-Khattab (R.A.) kwamba mke wa mafquud angoje miaka minne, kisha ndipo akae eda. Mlango huo una faida kubwa. Lakini hamna ndani yake mas-ala ya mtoto anayeamka usiku akamuulizia baba yake. Hilo halipelekwi kwa kadhi. Hilo liko mikononi mwa mama, na bibi, na kila mkubwa aliyemo nyumbani.

Minneapolis na Saint Paul ni miji pacha katika jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, penye baridi kali na mto Mississippi. Huko, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, alisomesha kwa miaka mingi bibi mmoja aitwaye Pauline Boss. Tangu miaka ya 1970 alichunguza hali za familia za askari wa Kimarekani waliopotea katika vita vya Vietnam, akaona kuwa huzuni yao haifanani na ya wafiwa. Mfiwa anazika, anapewa mkono wa taazia, siku zinapita na moyo unatulia kidogo kidogo. Hawa hawana maiti, hawana kaburi, wala hapana jirani anayekuja kuwapa pole, kwa kuwa hapana aliyetangazwa kuwa amekufa. Mwaka 1999 alichapisha kitabu juu ya jambo hilo, akalieleza kuwa ni namna mbili: mtu hayupo kwa mwili lakini yumo moyoni, au mwili upo na akili imeondoka, kama mzee aliyesahau majina ya wanawe. Kwa Kiswahili huo ni msiba usio na matanga.

Miji hiyo inaujua vizuri. Tangu miaka ya 1990 Wasomali waliokimbia vita wamehamia huko kwa maelfu, mpaka Minnesota ikawa na jamii kubwa ya Kisomali kuliko jimbo jengine lolote la Marekani. Wengi wao walipitia kambi za Dadaab, nchini Kenya. Mwaka 2017, na tena mwaka 2025, serikali ya Marekani ilitoa amri za kuwazuia watu wa Somalia wasiingie nchini, na familia zikabaki zimegawika, mzazi mmoja upande huu wa bahari na mwengine upande ule. Mtoto wa nyumba kama hiyo anamwona baba yake katika simu, anamsikia sauti, lakini hawezi kumshika mkono. Asubuhi anakwenda skuli, akampiga mwenzake kwa sababu ya kalamu. Akiulizwa, husema amekasirika, kwani neno alilonalo ni hilo moja.

Na wasomaji wa Maskati, Dubai na Doha wasidhani kuwa haya ni ya Wasomali peke yao. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 watu wengi waliondoka visiwani, na baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowaita, wengi wakahamia Oman. Wapo walioagana na mama zao Unguja au Pemba na wasionane tena. Wazee wa leo walikuwa watoto siku hizo, na wengi wao walipouliza waliambiwa, "Nyamaza, mtoto haulizi hayo." Wakanyamaza. Mtu aliyelelewa hivyo hufika uzeeni akidhani kuwa kunyamaza ndiyo subira, na akikifunga kinywa cha mjukuu wake huona amemfunza dini.

Na aitazame tena Suratu Yusuf. Nabii Yaaqub (A.S.) alipotewa na mwanawe na hakupewa maiti ya kuzika. Aliletewa kanzu yenye damu ya uongo, akakusudia subira njema. Na mwenye subira hiyo ndiye aliyelia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na baada ya miaka mingi alikuwa bado akilitaja jina la Yusuf. Wanawe wakamlaumu kwa kutoacha kumkumbuka. Akawajibu kuwa masikitiko yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Qur-ani haikumtia ila kwa machozi yale. Waliotaka anyamaze ni wanawe, na wazee wengi wa leo wanasimama upande wa wana wale bila ya kujua.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia nyumbani kwa mama yake Anas bin Malik, na Anas alikuwa na ndugu mdogo aliyefuga kijidege. Siku moja akamkuta mtoto amejiinamia. Akauliza ana nini, akaambiwa kijidege chake kimekufa. Basi akamwita kwa kun-ya yake, Abu Umayr, kama anavyoitwa mtu mzima, akamuuliza khabari za kijidege chake. Hakumwambia kuwa ni ndege tu, wala kuwa atanunuliwa mwengine. Na alipofariki mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya watu. Abdurrahman bin Auf alipostaajabu, akamfahamisha kuwa hayo ni rehma.

Basi mtoto apewe maneno. Kiswahili ni tajiri: ipo hamu, upo upweke, upo ukiwa, kipo kinyongo, ipo fedheha, lipo jitimai, na kila moja lina mahali pake. Wasomali wa Dadaab nao wanalo neno buufis, kwa ile shauku ya kuondoka kambini inayomlemea mtu mpaka akaugua. Mtoto anayesoma kwa Kiingereza mchana kutwa hatayapata maneno hayo ila nyumbani. Mama amwambie, "Hii uliyonayo ni hamu ya baba yako, na mimi ninayo." Kisha amwache aseme.

Na asidanganywe. Kuna mama alimwita mwanawe ili ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) akamuuliza angempa nini, akasema tende. Akamwambia kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Kumwambia mtoto kuwa baba atakuja kesho, na hapana ajuaye lini, ni uongo wa namna hiyo, na mtoto akishaugundua hataamini tena hata la kweli.

Ama hasira, kalamu haimwandikii dhambi mtoto asiyebaleghe, lakini kupiga wenzake azuiliwe. Afundishwe aliyoyafundisha Mtume (S.A.W.): aliyesimama akae, asipotulia alale, na atie udhu. Mzazi afanye pamoja naye, isigeuke adhabu.

Ikiwa mtoto ameacha kula, au hasemi, au anataja kufa, apelekwe kwa daktari, wala hapana aibu. Saint Paul kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 1985 kuwatibu walioteswa, na wakimbizi wengi wametibiwa humo.

Kwa nyumba ambayo baba yuko Nairobi na watoto wako Minneapolis, saa zenyewe zinasaidia. Wakati wa baridi, ikiwa huko Minneapolis ni saa mbili za usiku na mtoto anapanda kitandani, Nairobi ni saa kumi na moja, karibu na sala ya alfajiri, na baba ameamka. Apige simu wakati huo, kabla ya kutia udhu, amuulize mwanawe kilichomsibu siku ile ni hamu, au khofu, au kinyongo, na angoje mpaka ajibiwe.