Bustani Zilizokuwa Mkononi mwa Habiba

  

Ndugu zangu waumini wa Juba, kina baba na kina mama, binti yako mtu mzima akibisha hodi usiku wa manane na uso umevimba, unamfungulia mlango kwanza, au unahesabu ng'ombe kwanza?

Tusifichane. Tunajua anachoambiwa: vumilia, mwanangu, ndoa ndiyo hiyo. Nyuma ya maneno hayo mara nyingi wamesimama ng'ombe. Mahari imeshagawanywa, ami kachukua wake, mjomba kachukua wake, kaka kaolea waliobaki. Ndoa ikivunjika, mume atadai mali yake. Ng'ombe hawarudishiki, basi anarudishwa binti.

Sasa sikilizeni aliyoyasimulia Abu Daud. Mtume Muhammad (s.a.w.) alitoka alfajiri kuswali, akamkuta mwanamke mlangoni pake gizani. Alikuwa Habiba bint Sahl. Mumewe, Thabit bin Qays, alikuwa amempiga hadi akamvunja kiungo. Thabit alikuwa sahaba mwenye heshima yake, lakini heshima hiyo haikumfanya Mtume amwambie Habiba arudi akavumilie. Alimwita Thabit, akamtaka achukue sehemu ya mali ya mkewe, wafarikiane. Thabit akaeleza kwamba alimpa mahari bustani mbili, nazo zimo mkononi mwa Habiba. Mtume akamwamuru azichukue na amwache.

Hapo kwenye mkono tusimame kidogo. Bustani zilikuwa kwa Habiba mwenyewe, ndiyo maana aliweza kuzirudisha akatoka salama. Lau baba na ami wangekuwa wamezila, angetoka na nini? Katika Suratun Nisaa, aya ya 4, Allah anaamuru wanawake wapewe mahari yao. Wao, si wajomba zao. Mzazi anayekula mahari ya binti yake amekula ufunguo wa mlango ambao huenda siku moja binti akauhitaji.

Na kabla ya ndoa? Fatima bint Qays, mwanamke mtu mzima aliyekwisha kuachika, alimwendea Mtume kutaka shauri juu ya waliomposa. Mtume hakumficha: Muawiya hana mali, na Abu Jahm fimbo haishuki begani mwake. Akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Fatima hakupenda mwanzoni, kisha akakubali, na Allah akajaalia kheri ndani yake. Kwa hiyo, mzazi, ukiijua fimbo ya mposaji, kuitaja si kusengenya, ni amana. Muulizie kwa majirani, na kwa mke aliyemwacha. Kisha mweleze binti yako kwa upole, bila kumfungia ndani wala kumlaani. Akikataa shauri lako akaolewa, usimwambie asikanyage tena kwako. Mwanamume mkatili hupenda sana mke asiye na pa kurudi.

Wala msichelewe kuchukua hatua. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo, huko Endebess nchini Kenya, aliyekuwa mwenzi wake alimmwagia petroli akamwasha moto. Siku nne baadaye alifariki. Baba yake alieleza kwamba walikwisha kupeleka malalamiko polisi. Hakuwa wa dini yetu, lakini uchungu wa mzazi anayemzika mwanawe tunaujua sote hapa.

Basi binti akisema anaogopa, mwamini. Asirudi peke yake kuchukua nguo; wanaume wa ukoo wamsindikize. Akiumizwa, mpelekeni hospitali, jeraha liandikwe. Tangu mwaka 2020 hapa Juba ipo mahakama maalumu ya kesi za ukatili wa kijinsia. Kumfikisha huko aliyemwumiza si kuvunja ukoo. Suluhu ya waamuzi wa pande mbili, iliyotajwa katika Nisaa aya ya 35, ni ya wanaotaka kupatana. Haikuwekwa ili kumrudisha mtu kwenye kipigo.

Mtume alimkuta Habiba mlangoni, na Habiba hakuondoka mlangoni pale bila haki yake. Ewe Mola, ifanye milango yetu iwe hivyo kwa watoto wetu. Amina.