KUMSIKILIZA MWENYE KOSA, JE, NI KULIRIDHIA KOSA LAKE?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.



Ijumaa hii nataka nikuulize jambo ambalo limenisumbua mimi mwenyewe kwa miaka mingi. Mtu akija kwako na kosa lake, ukamkalisha, ukamsikiliza kwa upole mpaka mwisho bila kumkemea, je, umeshirikiana naye katika kosa hilo?

Zamani nilikuwa najibu: ndiyo. Kijana mmoja alinijia baada ya swala ya Alasiri, akakaa karibu na mlango, akasema, "Shehe, mimi nimeanza kunywa pombe." Sikumwacha aendelee. Nilimsomea hukumu ya pombe tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa kweli nilisoma vizuri. Akaitika, "Ndiyo, shehe," akachukua viatu vyake, akaenda. Nami nilirudi nyumbani nimeridhika kwamba nimefikisha ujumbe. Miezi ilipita ndipo mama yake akanieleza. Kijana alikuwa machimboni Kamituga pamoja na mdogo wake, na yeye ndiye aliyemwita mdogo wake aje kuchimba dhahabu. Shimo liliporomoka, mdogo akabaki chini. Pombe ilianza baada ya hapo. Alikuja kwangu ili aulize kama damu ya mdogo wake iko juu ya shingo yake. Mimi nikamjibu swali ambalo hakuuliza. Kwamba pombe ni haramu alilijua tangu chuo cha Kurani.

Iko kazi inayoitwa ushauri nasaha. Mmoja wa watu walioijenga ni Mmarekani Carl Rogers, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1987. Ujanani aliingia chuo cha dini ya Kikristo huko New York, akaacha, akaenda kusomea saikolojia, kisha akafanya kazi miaka 12 katika mji wa Rochester na watoto wenye matatizo. Mwenyewe alisimulia habari ya mama mmoja mwenye mtoto mtukutu. Rogers aliona kwamba chanzo ni mama, jinsi alivyomkataa mtoto tangu udogo, akajitahidi kikao baada ya kikao kumwonyesha hivyo. Mama hakuona. Wakakubaliana waache, wakapeana mikono. Alipofika mlangoni, mama akageuka, akauliza kama pale wanapokea na watu wazima. Akarudi, akakaa, akaanza kumwaga uchungu wa ndoa yake, maneno yasiyofanana na yale aliyokuwa akieleza siku zote. Rogers akajifunza kwamba mwenye maumivu ndiye anayejua panapouma.

Mwaka 1951 alitoa kitabu ambamo anayekuja kwa mshauri anaitwa "mteja", haitwi "mgonjwa". Neno hilo kwangu lina harufu ya soko, lakini nia ilikuwa njema: mgonjwa hungojea kutibiwa, mteja amekuja kwa miguu yake na kwa hiari yake. Mshauri naye anatakiwa awe mkweli, amheshimu yule mtu bila kumwekea sharti, na ajitahidi kuona jambo kwa macho yake. La kwanza ndilo gumu. Upole wa kuigiza hugunduliwa upesi: mdomo unasema "karibu ndugu yangu", macho yanaangalia saa.

Utaniambia: shehe, hayo ni ya Wazungu. Basi kumbuka hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad kutoka kwa Abu Umama. Kijana alimwendea Mtume (S.A.W.) akaomba ruhusa ya kuzini. Tazama ombi hilo, na mbele ya nani! Waliokuwepo wakamkaripia. Mtume akamwita asogee karibu, akamkalisha. Akamuuliza kama angependa jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi na mama mdogo wake. Kila mara kijana akajibu hapana. Kisha akaweka mkono wake juu yake, akamwombea dua. Zina haikuwa halali siku ile, hata kwa dakika moja. Lakini kijana hakufukuzwa.

Hapa mimi na Rogers tunaachana kidogo. Yeye alimwamini mtu aitafute njia kutoka ndani yake mwenyewe. Sisi tunaamini njia imekwisha kuteremshwa. Lakini kujua njia na kupata nguvu za kuikanyaga ni mambo mawili, na hilo la pili mtu halipati kwa kukemewa mlangoni.

Tena wako wanaohukumiwa bila kosa lolote. Sisi watu wa Kivu tunalijua. Hospitali ya Panzi, Bukavu, ilianzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Mwanamke aliyeharibiwa na watu wa silaha akifika pale haachiwi daktari wa kupasua peke yake. Wako akina mama wanaoitwa maman chérie, ambao kazi yao ni kukaa naye, kumsikiliza na kumsindikiza. Sasa linganisha na nyumbani kwetu. Anarudi kutoka msituni, swali la kwanza ni hili: "Ulikuwa unaenda wapi saa ile?" Swali hilo limevaa nguo ya kuuliza, ndani yake ni hukumu. Na wewe mume unayemfukuza mke wako kwa jambo hilo, usiseme unailinda dini.

Sisemi kila kitu kinyamaziwe. Anayekuambia kwamba usiku atamchoma mtu kisu, siri yake imekwisha hapo hapo, na washauri wenyewe wana kanuni hiyo. Na kadhi akikaa kwenye ukadhi wake, lazima ahukumu. Lakini wewe si kadhi, na mimi siku ile karibu na mlango sikuwa kadhi.

Mama wa yule kijana bado anaswali pamoja nasi. Ananiambia mwanawe sasa yuko Kalemie. Nimemtuma amfikishie salamu zangu, na amwambie kwamba ile habari ya mdogo wake ningependa kuisikia kutoka kinywani mwake, yote, hata ikichukua siku nzima. Jibu bado halijafika.

Wabillahi tawfiq.