Kuhesabu na Kupeleleza

Kitu kinunuliwacho kwa fedha na kutumiwa na wengi hutaka kipimo. Mkulima wa Nkowe, katika wilaya ya Ruangwa, hapeleki korosho wala ufuta ghalani pasipo kukutana na mizani, na hapana aonaye mizani kuwa ni tusi. Intaneti nayo imekuwa kitu cha kupimwa. Hununuliwa kwa kifurushi, huingia nyumbani kwa ruta yenye laini ya simu, kisha hugawanywa baina ya mume, mke, watoto na mpangaji. Kifurushi kilichokusudiwa kutosha mwezi kikiisha kwa siku tisa, kila mtu humshuku mwenzake.

Ndipo mwenye nyumba aliyesoma kompyuta huandika programu ndogo ya kusimama mlangoni pa mtandao. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Habari zipitazo hukatwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti ni mfano wa bahasha: juu yake pana anwani ya itokako, anwani ya iendako, na ukubwa wake. Barua iliyo ndani siku hizi aghalabu hufungwa kwa maandishi ya siri, hata mlinzi wa mlango hawezi kuisoma. Programu hujumlisha ukubwa kwa kila simu, na jioni hutoa hesabu: hii imetumia megabaiti 40, ile 900.

Mpaka hapa hapana kosa. Lakini bahasha ile ile iliyoonyesha ukubwa imeonyesha na anwani, na kuandika zote mbili ni kazi ya mistari michache zaidi. Wireshark, programu iliyoanza mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, hutolewa bure kwa yeyote atakaye kutazama zaidi ya hapo. Na ajuaye anwani hana haja kubwa ya barua. Akiona simu ya mkewe imebisha usiku wa manane kwenye mlango wa waganga wa maradhi fulani, au simu ya mpangaji yazuru kila siku matangazo ya kazi, amekwisha pata siri ambayo hakuambiwa. Alitafuta megabaiti, akaokota moyo wa mtu.

Zamani vijana wa kusini walipokwenda kukata mkonge, barua zao ziliwafikia wazazi wasiojua kusoma, zikasomwa na mwalimu au jirani. Msomaji yule alijua madeni, magonjwa na talaka za watu wengi. Hakuwa mpelelezi, kwa kuwa aliitwa, na mwenye barua alijua amemkabidhi nini. Programu ya mlangoni haiitwi na mtu, wala haipigi hodi.

Yamkini mwenye nyumba atajibu kwamba fedha ni zake. Jibu hilo lina nguvu juu ya kiasi, halina nguvu juu ya siri. Mnunuzi wa mafuta ya taa aweza kuuliza taa iliwaka saa ngapi. Hakununua kwa fedha hiyo kitabu kilichosomwa wala dua iliyoombwa mbele yake. Tena, mwenye nyumba ni nani? Kwa Wamwera, wafuatao ukoo wa mama, mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya watoto, na swali hili si jepesi kama wadhanivyo watengenezaji wa ruta, ambao humpa mtu mmoja ufunguo.

Mtoto mdogo ana hukumu nyingine. Mzazi ana wajibu wa kujua aendako, ila amwambie kwamba anatazamwa; akitazamwa kwa siri atajifunza hila kabla ya kujifunza hadhari.

Hata hesabu yenyewe isiaminiwe mno. Simu hupakua programu mpya usiku mwenyewe akiwa amelala, na asubuhi hushtakiwa mtu asiyegusa kitu.

Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 hulinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kazi tarehe 1 Mei 2023. Lakini hakimu haketi barazani kwa kila familia. Kinachoamua ni kile ambacho mwandishi wa programu alikataa kukihifadhi. Akiacha anwani zisiandikwe tangu mwanzo, hata siku atakayokasirika hatakuwa na kitu cha kufukua. Hesabu ya megabaiti na ibandikwe ukutani waione wote, na simu yake mwenyewe iwemo, tena mstari wa kwanza.