Mshipi, Mshale na Msitu wa Mau

Mto Kiptiget hutoka ndani ya msitu wa Mau ya Kusini Magharibi na kushuka kuelekea nchi ya chai ya Kericho ukiwa na maji ya baridi kali. Humo anaishi trauti, samaki wa madoadoa ambaye babu zake hawakuzaliwa Afrika. Mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven huko Uskoti, na mwaka 1905 samaki hao wakapandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Chai ilipoota mizizi Kericho miaka ya 1920, mameneja wa mashamba walileta pia michezo yao. Wageni wa Tea Hotel, hoteli iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond miaka ya 1950, walipelekwa Kiptiget kuvua kwa mshipi, ndoano na chambo cha manyoya kilichofungwa mfano wa mdudu.

Trauti hastahimili maji ya moto wala ya matope. Joto likipita nyuzi 20 hivi anaanza kutaabika, na udongo ukituama juu ya changarawe anakotagia, mayai hukosa hewa na kufa. Kwa hiyo anayekwenda mtoni kumtoboa samaki huyu mdomo ni miongoni mwa watu wa kwanza kugundua kwamba miti imekatwa kule juu. Analinda mto kwa sababu anataka kuua kilichomo, au angalau kukitesa kidogo kabla ya kukiachilia. Je, mtu huyo anaweza kusimama bila unafiki pamoja na wanaotetea mazingira na haki za wanyama?

Wanafalsafa wamelivutania swali hili kwa ukali. Mmarekani Aldo Leopold, ambaye kitabu chake *A Sand County Almanac* kilitoka mwaka 1949, alikuwa mwindaji maisha yake yote, na ndiye aliyefundisha kwamba udongo, maji, mimea na wanyama ni jamii moja ambayo binadamu ni mwanachama wake tu. Kwa Leopold, jambo la kulindwa ni uzima wa jamii hiyo nzima. Tom Regan, mtetezi wa haki za wanyama, aliona hatari katika fikra hiyo: kila mnyama ana maisha yake ambayo hayapaswi kutolewa kafara kwa ajili ya kundi. Mwaka 1983 aliiita fikra ya aina hiyo ufashisti wa mazingira. Upande mmoja unauliza kama mto uko hai, upande wa pili unamuuliza samaki kama anaumia.

Ushahidi unaelekeza kwamba samaki anaumia. Mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake huko Uskoti walionyesha kwamba trauti ana vipokezi vya maumivu kichwani. Walipomdunga sumu ya nyuki au asidi midomoni, aliyumba na akakaa saa kadhaa bila kula, na aliyedungwa asidi akasugua midomo kwenye changarawe. Matokeo hayo yanaubana zaidi mchezo ule unaosifiwa kuwa wa kiungwana, wa kumvua samaki, kumpiga picha na kumrudisha majini. Uswisi iliupiga marufuku uvuvi wa namna hiyo mwaka 2009, na ilikuwa na hoja. Anayevua ili ale amemtoa samaki uhai kwa haja inayotamkika. Anayemchomoa majini kwa burudani na kumrudisha akiwa na jeraha ana kazi ngumu zaidi ya kujieleza, hata kama hesabu ya samaki mtoni inabaki vilevile.

Lakini nchini Kenya swali la nani aruhusiwe kuua mnyama halijawahi kuwa la maumivu peke yake. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani, aliwinda katika nyanda ambazo wakati ule ziliitwa Sotik, eneo pana kuliko Sotik ya leo iliyoko kaunti ya Bomet. Katika safari yake yote ya Afrika, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Mtu huyohuyo, akiwa rais wa Marekani, aliweka chini ya ulinzi ekari zipatazo milioni 230 za ardhi ya umma. Ukweli wa upande mmoja haufuti wa upande mwingine. Kinachouma ni kwamba chini ya sheria za kikoloni mzungu mwenye leseni na bunduki alikuwa mwindaji, na mwenyeji mwenye mshale alikuwa jangili. Hadi leo mtetezi wa wanyama anayeingia kijijini na fulana yenye picha ya tembo anabebeshwa historia hiyo, atake asitake.

Waogiek wa Mau wanaijua kuliko wote. Wao ni watu wa asali, mizinga ya magogo na uwindaji wa perere, nguruwe wa msituni na swala. Koo zao ziligawana msitu kwa vipande vinavyopanda kutoka mabondeni hadi juu, kwa kuwa maua huchanua kwa nyakati tofauti kulingana na mwinuko, na nyuki huyafuata. Kila kipande kilikuwa na wenyewe, na wenyewe walijua kilichobaki ndani yake. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji nchini kote, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikumfungulia mlango hata anayewinda kwa ajili ya sufuria yake. Oktoba 2009 Waogiek walipewa siku 30 kuondoka msituni kwa jina la kuokoa mazingira. Wakashtaki, na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha iliamua kwamba haki zao zimevunjwa, utamaduni ukiwemo, na kwamba hawawezi kubebeshwa lawama ya kuharibika kwa Mau.

Basi nani alaumiwe? Mwaka 2001 serikali ilitenga zaidi ya hekta 60,000 za Mau zitoke katika hifadhi, karibu 23,000 kati yake zikiwa za Mau ya Kusini Magharibi. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipaza sauti kupinga. Hakuna mshale uliorushwa siku tangazo lile lilipochapishwa katika gazeti la serikali, lakini kwa mbega, perere na trauti lilikuwa msiba kuliko misimu mingi ya uwindaji. Hapa ndipo fikra ya kawaida kuhusu ukatili inapokwama. Jicho huona damu haraka. Halioni kwa urahisi mnyama ambaye hakuzaliwa kwa sababu mti wa mama yake uligeuka mkaa, shamba la mahindi, au mistari ya chai. Mwaka 2016 Joseph Ogutu na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba tangu 1977, mwaka uleule wa marufuku, wanyamapori wa nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Uwindaji halali ulikuwa umekoma. Walioendelea kuwapunguza ni majangili, na pia uzio, jembe, ongezeko la mifugo na la watu, pamoja na ukame. Mnywaji wa chai asiyegusa nyama naye ana sehemu katika hesabu hiyo, maana vilima vya Kericho vinavyopendeza kwenye picha vingi vilikuwa msitu.

Haifai, hata hivyo, hoja hiyo igeuzwe ngao ya kila mwenye mtego. Katika Mau na milima jirani bado wamo bongo, swala wakubwa wekundu wenye michirizi myeupe, na porini nchini Kenya hawafiki 100. Kilichowamaliza kwa sehemu kubwa ni uwindaji kwa kutumia mbwa: bongo akifukuzwa husimama kupambana na mbwa badala ya kukimbia, na mkuki unamkuta papo hapo. Mtego wa waya nao haubagui jike mwenye mimba wala ndama, na unaweza kumshika mnyama siku nzima akijikata. Mila iliyozaliwa msitu ukiwa mpana na watu wachache haiwezi kudai kilekile wakati wanyama wenyewe wanahesabika kwa majina.

Wakipsigis wa Kericho wana jambo la kuchangia hapa. Karibu kila ukoo una mnyama wake, awe simba, tembo, korongo au nyuki, na kumdhuru ni mwiko. Mwiko huo haukukataza uwindaji wote. Uliweka watu maalum wawajibike kwa mnyama maalum, ili simba akiuawa kuwe na familia inayojua kwamba jambo hilo linaihusu. Marufuku ya mwaka 1977 ilimhusu kila mtu, na kwa kufanya hivyo ilimwachia askari wa wanyamapori peke yake kazi ambayo zamani ilikuwa ya ukoo mzima.

Juni 2022 mahakama ya Arusha ilirudi kwenye kesi ya Waogiek. Iliamuru walipwe fidia, warudishiwe ardhi ya mababu zao, na washirikishwe katika maamuzi yanayoihusu. Siku watakapoishika hati ya ardhi hiyo, wanaharakati watalazimika kujibu swali walilolikwepa muda mrefu: je, Mwogiek aruhusiwe kumla perere wa msitu wake? Jibu la haki ni ndiyo, kwa kiasi kitakachokubaliwa na wenye msitu na watafiti wanaohesabu wanyama, bila waya. Kwa bongo jibu ni hapana, kwa Mwogiek, kwa mgeni mwenye leseni, na kwa serikali itakayotaka tena kukata kipande cha msitu anamojificha.