Bluu ya Mdiria

Kaburi la Dingling, nje ya Beijing, lilipofunguliwa mwaka 1957, mlikutwa mataji ya wake wawili wa mfalme Wanli, aliyefariki mwaka 1620. Dhahabu na lulu zimejaa, lakini jicho langu huenda kwenye ile bluu. Si ya kupaka. Ni manyoya ya mdiria, ndege mvuvi, yaliyokatwa vipande vidogo na kubandikwa kwa gundi. Bluu hiyo inatokana na jinsi unyoya wenyewe ulivyojengeka na kuucheza mwanga, ndiyo maana haipauki upesi. Hata pini za nywele zilipambwa hivyo kwa karne nyingi.

Je, nina haki ya kuiita nzuri?

Mwenzangu darasani anasema ndege keshakufa, nikifumba macho sitamfufua. Hoja nzuri, ila imetupendelea mno sisi watazamaji. Ingemfaa hata malkia: taji lilipofika mkononi mwake, ndege alikuwa keshakufa vilevile.

Ningeishia kumhukumu malkia, kama si wigi langu. Ni la nywele za binadamu. Nililinunua kwa fedha za kujikimu (naona haya kuliandika hili), na nilichouliza dukani ni kama linanyonyoka. Aliyezikata kichwani mwake alilipwa nini, halikunijia hata swali. Wanawake wa enzi ya Tang nao walijazia mafundo yao marefu kwa nywele za bandia. Sidhani kama wao waliuliza.

Jumamosi nina harusi. Wigi liko mezani, nimeshalichana.