Lawama na Dharau

Muungwana akilaumiwa hustahimili, je, akidharauliwa? Swali hili la kale lilizuka upya nchini Italia, Julai 2000.

Tarehe 2, mjini Rotterdam, katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya, Italia ilikuwa ikiongoza kwa bao moja, na sekunde zilizobaki zilihesabika. Sylvain Wiltord akaisawazishia Ufaransa. Katika muda wa nyongeza David Trezeguet akafunga bao la dhahabu, na mchezo ukaishia papo hapo. Kesho yake Silvio Berlusconi, mmiliki wa klabu ya Milan na kiongozi wa upinzani, alimshutumu hadharani kocha Dino Zoff kwa kutomwekea Zinedine Zidane mtu wa kumkaba: kosa ambalo, kwa maneno yake, hata mwanagenzi angeliona. Tarehe 4 Zoff akajiuzulu.

Yawezekana kusema kwamba hicho kilikuwa kiburi. Kazi ya taifa haiachwi kwa neno la mtu mmoja. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Zoff hakuwa mgeni wa subira. Utotoni klabu kubwa zilimkataa kwa ufupi wake, akangoja, akakua. Mwaka 1978, katika Kombe la Dunia la Argentina, makombora ya mbali ya Waholanzi yalimpita, akaambiwa amezeeka. Akajibu kwa kurudi langoni. Mwaka 1982, akiwa nahodha mwenye umri wa miaka 40, alilinyanyua kombe hilo mjini Madrid. Mwaka 1990, akiwa kocha, aliipa Juventus Kombe la UEFA na Kombe la Italia, na bado nafasi yake akapewa mwingine.

Lawama hugusa kazi, na kazi hujibiwa kwa kazi. Dharau hugusa utu, na utu hauna mechi ya marudiano. Mlinda mlango hujifunza mapema kwamba kosa lake huonekana na wote, naye hulibeba. Kuambiwa hastahili kusimama pale ni mzigo mwingine, wala si wajibu wake kuubeba.

Hata hivyo, heshima ile haikuwa ya bure. Zoff hakurudi tena kuifundisha timu ya taifa, na wachezaji aliowafikisha hatua moja tu kabla ya ubingwa walibaki bila yeye. Muungwana ni kitendo. Lakini kitendo kina bei, na bei ya kile hakuilipa yeye peke yake.